Mume wa Saa Nane

Siku ya kwanza ilianza na sahani. Hhando aliingia kutoka shamba la maharage saa nane na nusu mchana, ana njaa, akamkuta mkewe Efrazia ameshaosha vyombo vyote na kuvifunika kichanjani.

"Chakula kiko wapi, Mama Lucia?"

Efrazia akamtazama kwa mshangao kidogo. "Si umekula sasa hivi, Baba Lucia? Ukasema unarudi kupalilia."

Hhando akadhani ni utani. Lakini mkewe hakuwa akitania, na ndani ya nyumba kulikuwa na harufu ya tope bichi, kama la ukingoni mwa ziwa maji yanapopungua, ingawa Ziwa Basotu liko mbali na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

Alikula ugali wa jana, akanyamaza. Kunyamaza alikuwa amekuzoea. Mwaka mmoja nyuma aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, na tangu hapo kila miezi mitatu alikwenda hospitali kuchomwa sindano ya tumboni. Daktari Judith alimweleza kila kitu bila kumficha: dawa ile inazima homoni ya kiume, kwa kuwa ndiyo inayoilisha saratani, na kwa hiyo hamu ya tendo la ndoa itapungua na pengine itakwisha kabisa. Akamwambia aje na mkewe waelezwe pamoja. Hhando aliitikia, ila nyumbani alisema tu ni sindano ya mkojo.

Hamu ikaondoka kweli. Haikuondoka kama mtu anayeaga. Siku moja aliitafuta akakuta haipo. Joto lilimpanda ghafla kifuani hadi usoni, ndevu zikawa nyepesi, na usiku akawa anageukia ukutani. Efrazia aliuliza mara moja kama kuna mwanamke mwingine. Hhando alimfokea, na tangu siku ile mama huyo hakuuliza tena, wala hakuimba tena akiwa anapepeta, jambo alilolifanya kwa miaka ishirini na minane ya ndoa yao.

Sasa alianza kuimba. Wiki ile ya sahani aliimba kila siku, na Jumamosi, akimmiminia mumewe chai, alisema kwa sauti ya chini, macho yake kwenye kikombe:

"Nashukuru umerudi kwangu. Hata kama ni mchana, kama tulipokuwa wapya."

Hhando akakivuta kikombe. Alitaka kusema, si mimi. Lakini angesemaje si yeye, bila kusema kwa nini haiwezekani kuwa yeye? Akanywa chai ikamuunguza ulimi.

Jumatatu alijifanya anakwenda shambani, akajibanza nyuma ya ghala. Saa nane jua lilikuwa kali, kuku wamelala kivulini, na hakuona mtu akipita uani. Akasikia tu, kupitia ukuta wa tofali, kikohozi chake mwenyewe, kisha kicheko chake, kile kicheko kifupi ambacho yeye mwenyewe hakuwa amekitoa kwa mwaka mzima, kisha sauti yake ikimwita Efrazia kwa jina la usichana wake, na ile harufu ya tope ikapenya madirishani, na alipokimbia hadi mlangoni na kuusukuma, alimkuta mkewe peke yake ameketi kitandani, nywele zinadondosha maji, anamtazama.

"Umeingiaje huku," akauliza polepole, "na sasa hivi umetoka kwa mlango wa nyuma?"

Ndipo alipomwambia. Alisimama palepale mlangoni akaeleza yote, sindano, maneno ya daktari, mwaka mzima wa kugeukia ukutani. Efrazia alisikiliza bila kusogea.

"Hujanigusa tangu mwaka jana," alisema mwishowe.

"Sijakugusa."

"Basi huyu wa mchana ni nani?"

Efrazia akaenda kuoga, akaoga tena, akajisugua mpaka ngozi ikawaka, na mumewe akawa anamchotea maji kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Walimfuata mzee Gidahosh kule Gehandu, mganga aliyesifika kwa kutoa majini ya ziwani. Walimwamkia shikamoo, wakakaa chini, na Hhando akalazimika kusimulia aibu yake mara ya pili. Mzee alikuja nyumbani kwao, akachinja kondoo mweusi, akawapaka mafuta vifuani, akanyunyiza maji ya dawa kwenye pembe za chumba. Kabla ya kuondoka alimvuta Hhando pembeni.

"Nimemtoa. Lakini ananiuliza kwa nini nimfukuze kwenye nafasi isiyo na mtu. Sikuwa na la kumjibu."

Wiki mbili zilipita kimya. Hawakuachana mchana wala usiku. Siku ya sindano ilipofika Hhando alisema bora aiache, huenda mwili ukarudi na lile jini likakosa nafasi. Efrazia akakataa, alisema hatabaki mjane kwa ajili ya kitu cha ziwani. Wakaenda pamoja, wakakaa mbele ya daktari Judith wameshikana mikono kama wachumba. Daktari alisema hawezi kuwaahidi kwamba mwili utarudi kama zamani, lakini watu wawili wanaoambiana ukweli wana pa kuanzia. Njiani kurudi hawakuachana mikono, na Hhando akaona kwamba hata bila hamu, mkono ule ulimtosha.

Walifika nyumbani alasiri. Hhando alitoa ufunguo. Kabla hajauingiza, kitasa kilizungushwa kutoka ndani, mlango ukafunguka kiasi cha kiganja, na harufu ya tope ikawapiga usoni.

"Mama Lucia," sauti ya Hhando ilisema kutoka gizani, kwa upole, "huyo mzee uliyekuja naye ni nani?"

Hhando alisikia joto likimpanda kifuani hadi usoni, jasho likamtoka. Efrazia aliutazama mlango, akamtazama yeye, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

"Mtoto wetu wa kwanza," alinong'ona, "yule aliyefariki kabla ya ubatizo. Jina tulilompa sisi wawili tu. Nitajie."

Hhando alilijua. Alikuwa amelibeba miaka ishirini na saba. Alifungua kinywa, ila pumzi ilichelewa, na sauti ya ndani ikamtangulia.

"Rogathe," ilisema. "Ulitaka aitwe Rogathe."

Efrazia akautoa mkono wake polepole mkononi mwa Hhando.