Seli za Ghorofa ya Nane

Asubuhi ile lifti iligoma, na ukumbi wa chini wa jengo la utafiti ukajaa watu waliokunja nyuso. Katikati yao alisimama msichana mmoja, koti jeupe, viatu vyekundu, amekumbatia boksi la barafu kama mtu anayeogopa kuibiwa. Fundi lifti akachungulia, ovaroli yote grisi, akauliza kuna nini humo. Seli, akajibiwa, zikiyeyuka kabla ya wakati zinakufa, na maabara iko ghorofa ya nane. Fundi hakungoja kuombwa. Alifuta mikono, akalibeba boksi hadi juu huku akivitania vile viatu, na walipofika alikuwa hoi kwa ngazi na hoi kwa mapenzi.

Wakapeana namba, na kazi yenyewe akaelezwa kwenye simu. Seli zile changa za ubongo zinaweza kuwa seli za neva za aina nyingi. Inategemea zimewekewa dawa gani, kiasi gani, siku gani. Msichana alitaka aina moja tu, zile zinazoongoza mwendo, maana za baba yake zilikuwa zinakufa na mikono yake haishiki hata kikombe. Waliongea kila asubuhi. Kabla wiki haijaisha walishaitana mpenzi.

Mwezi wa pili, simu zikaacha kupokelewa. Fundi, maskini, akajua kapatikana mpenzi mwingine, daktari. Nani ataka grisi? Alipochoka kukonda akapiga pasi shati, akapanda ngazi.

"Niambie ukweli tu, nipate usingizi."

"Siku ya kuweka dawa nilikuwa naongea na wewe, nikasahau," msichana akasema, macho chini. "Mwanzo wa mwezi huu nilizipima. Zimekuwa aina nyingine kabisa. Niliogopa nikikusikia nitasahau tena."

"Mimi nilidhani ni ovaroli."

"Ovaroli naipenda," akasema, analia na kucheka pamoja.

Wakapatana: dawa kwanza, simu baadaye. Kila asubuhi fundi alituma ujumbe, "Umeshazipa dawa?", na hakupiga mpaka ajibiwe.

Siku ya hamsini na nane tangu msichana aanze upya na seli nyingine, fundi akaitwa kwenye hadubini. Seli ziling'aa, zimetoa matawi marefu kila upande. Ndizo zenyewe. Kumponya mzee bado ni safari ndefu, lakini jamani, furaha ya siku ile!

Msichana akavua glavu. "Nimemwambia baba naolewa. Akauliza na nani. Nikamwambia asubiri kidogo, mwenyewe bado sijamuuliza."