Kioo Kilichofungwa Mapema

Haya yalimpata rafiki yangu Kibanzi, niliyeacha naye shule mwaka mmoja. Alipata kibarua kwenye chumba cha hati za kale, akilainisha kwa mvuke vipande vya mafunjo, yale matete yaliyotumika kama karatasi, vilivyoandikwa enzi za Warumi. Kipande kikilainika hunyooshwa, hukandamizwa mpaka kikauke kabisa, ndipo hufungwa kati ya vioo viwili.

Siku hiyo mama yake alikuwa mahututi hospitalini, akivuta pumzi tatu fupi na moja ndefu. Kibanzi alitaka kumuwahi, akafunga vioo mafunjo yakiwa bado na unyevu.

"We mtoto, umenifungia ukungu humo!" bosi akamfokea. "Fungua, ukaushe, ndipo uende."

"Bosi, shikamoo zote nilizokupa zinisaidie leo."

"Marahaba. Fungua."

Bosi akatoka. Umeme ukakatika, na chumba kile hakina dirisha. Gizani Kibanzi akasikia mafunjo yakichakarisha taratibu. Akawasha tochi ya simu. Katikati ya kioo palikuwa na ukungu mdogo, ukubwa wa mdomo wa mtu. Ukafifia, ukarudi, mara tatu upesi, mara moja polepole. Akapangusa kwa kiganja, lakini kwa nje kioo kilikuwa kikavu.

Simu ikaita. Akaipokea kwa spika, tochi ikiwa bado inawaka. Alikuwa mdogo wake, analia.

"Dada, mama hatunaye. Amekata roho sasa hivi."

Kibanzi akageuzia tochi kwenye kioo. Ndani ya kioo ukungu ulififia, ukarudi, mara tatu upesi, mara moja polepole.