Binti Nani?

Mama alinituma na chetezo. Kazi nyepesi kabisa: chetezo, makaa matatu ndani ya kopo, na ubani uliofungwa kwenye kipande cha gazeti. Nimpelekee Zule Mdogo gatini, apafukize kabla kiza hakijaingia, maana kesho yake saa saba mchana, maji yakijaa, ndipo boti lake lingeingia mfereji mpya mbele ya wakubwa wote.

"Boti lake," alisema mama. Si lake, ni la mradi wa mfereji. Nikavaa buibui, nikashuka ngazi za jumba letu la Michenzani kutoka ghorofa ya tano huku nimefura.

Wacha niseme mapema msije mkanishangaa huko mbele: nina wivu. Naujua, wala siuonei haya tena. Zule Mdogo na mimi tuna jina moja. Baba zetu ni ndugu, mama yao akiitwa Zuleikha, na kila mmoja alipopata binti akampa jina hilo. Mimi nilitangulia, nikawa Zule Mkubwa. Yeye alikuja miaka miwili baadaye, na mama yake, Mwanamwema, akafariki hata arubaini haijatimia. Mama yangu, Kidawa, akamchukua kumlea. Mimi nilikuwa bado nanyonya. Nikaachishwa ziwa ili apate yeye.

Basi alianza kuninyang'anya kabla sijajua kusema "changu".

Kozi ya kuendesha boti tuliisoma pamoja, tena mimi ndiye niliyechukua fomu mbili nikampa moja. Nilikuwa na miaka kumi na moja ya kukata tiketi bandarini Malindi, nikiwatazama wengine wakipanda. Nilipofaulu, mama alisema alhamdulillahi, akarudi kwenye mchuzi wake. Walipotafuta mtu wa kushika usukani siku ya ufunguzi wakamchagua Zule Mdogo, na hapo mama alilia. Akawapigia simu majirani waliohamia Tunguu kuwaambia, "Mwanangu huyo." Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja.

Mfereji wenyewe, ukweli, si mpya. Kila mtu wa mjini anajua kwamba pale Darajani palikuwa na daraja kweli, na chini yake mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Wakaufukia, pakawa barabara. Sasa wamechimbua tena kuanzia Funguni, mpaka wakaifikia gati ya zamani iliyokuwa imelala chini ya lami, na ngazi zake kumi na mbili za mawe, nzima nzima. Watu walifurahi. Wazee wawili watatu walinong'ona kwamba wenyewe, wale wa chini ya maji, hawakuulizwa walipofukiwa, na hawakuulizwa walipofukuliwa. Sisi hatuwataji zaidi ya hapo. Wenyewe, basi.

Nilifika adhana ya magharibi imemalizika. Silima, mlinzi wa gati, alikuwa anasali nyuma ya kibanda chake. Maji yalikuwa yamekupwa, mfereji wote tope jeusi na vidimbwi. Zule Mdogo simwoni. Nikadhani yuko chini anakagua kamba, nikaanza kuteremka.

Ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu…

Harufu ikanipiga. Asumini. Kikuba cha asumini na rehani, kama cha bibi harusi, ila kilichozikwa kwenye tope siku nyingi. Nikaziba pua na ncha ya mtandio.

Kwenye ngazi ya mwisho alikaa mwanamke, kanipa mgongo. Amevaa kaniki, ile nyeusi ya kizamani. Ungo uko mapajani na vidole vinakwenda mbio, nikadhani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

Vidole havikusita.

Nikashuka tena, mpaka nikauona ungo. Hamna mchele. Ni kifusi: udongo, vigae, ushanga, kifungo cha koti, jino. Anachagua kimoja kimoja anakitupa mferejini. Kila akitupa nangoja kilie. Hakilii. Pale chini kuna tope na kuna maji, na bado hakilii.

"Walitujazia taka zao," alinong'ona bila ya kugeuka. "Mpaka leo tunachambua."

Nilitaka kusoma chochote, hata Kul-huwallahu, ikanipotea mdomoni.

"Kesho mlango unafunguliwa," akasema. "Wa kwanza kupita ni wetu. Usukani anashika nani?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kukimbia. Nataka mjue kwamba nafasi hiyo nilikuwa nayo na niliiona wazi. Lakini nilimkumbuka mama na simu yake, na machozi yake ya furaha.

"Zuleikha," nikasema.

Mkono ukasita juu ya ungo.

"Zuleikha binti nani?"

Kwetu swali hilo halihitaji maelezo. Jina la baba ni la shule na la kitambulisho. Ukenda kwa mganga utaulizwa jina lako na la mama yako, kwa sababu wenyewe hawampati mtu mpaka walijue tumbo lililomzaa. Jibu nilikuwa nalo. Binti Mwanamwema. Maneno mawili, yamekwisha. Nikachelewa kuyatoa, nafsi ilinisuta, au angalau napenda kufikiri hivyo.

Yeye akanisaidia.

"Ndiye yule binti Kidawa?"

Yule! Hata huku chini, kwenye tope, anajulikana kwa mama yangu. Miaka thelathini na moja ikanipanda kooni kwa mpigo, na hofu yote ikanitoka.

"Kidawa ana binti mmoja," nikamwambia. "Ni mimi."

Akauweka ungo chini.

Akageuka. Uso wake siukumbuki hata nikijilazimisha. Nakumbuka alitabasamu, na mchanga ulikuwa umejaa katikati ya meno.

"Haya," akasema. "Tumesikia."

Kitu cha baridi kikanigusa vidole vya miguu. Nikatazama chini. Maji yalikuwa yamefika ngazi niliyosimama, wala sikuyaona yakipanda. Chetezo kikaniponyoka, kikaanguka juu ya jiwe.

Hakikulia.

Nikapanda mbio. Silima alinikuta barabarani. Nikamwambia kuna bikizee kule chini na maji yamejaa. Alichukua tochi, akashuka, akarudi ananitazama kwa huruma. Alisema maji yamekupwa tangu alasiri, ngazi zote kavu, na hapo hakupita mtu isipokuwa mimi. Zule Mdogo alikwishaondoka zamani. Nikamuuliza chetezo. Hakukiona chetezo.

Nyumbani niliwakuta wanakula. Mama alikuwa anamchambulia Zule Mdogo miba ya samaki, mwanamke mzima wa miaka thelathini na moja. Nilifungua mdomo niseme. Wallahi niliufungua.

"Umeshafukiza?" mama aliniuliza bila ya kuinua uso.

"Nshafukiza," nikasema.

Kesho yake nilisimama kwenye ukuta wa gati, nimeshika chuma mpaka viganja vinauma. Boti lilitokea upande wa Funguni, jeupe, na bendera. Nilimwona Zule Mdogo nyuma ya kioo, ushungi wa buluu, kakaza macho. Kila likisogea nasema sasa, sasa hivi. Halikuyumba. Likafunga gati, vigelegele vikapigwa, naye akapanda zile ngazi kumi na mbili anacheka, akaja moja kwa moja kunikumbatia. Nikalia. Watu walidhani ni furaha, na nyingi ilikuwa furaha kweli. Iliyobaki nisiisingizie kitu chengine: nilikasirika kwamba hakupata hata mkwaruzo.

Nilirudi nyumbani mbele ya wengine. Mama hakuweza kwenda kwa sababu ya magoti. Alikuwa amekaa roshani, ambako mfereji unaonekana vizuri. Nikatoa salamu. Akaitikia, akavuta kanga akajifunika kichwa sawasawa, kama anavyofanya anapoingia mgeni.

"Karibu, bibi. Karibu kitako."

"Mama, ni mimi."

Alinitazama vizuri. Kwa upole, kwa adabu zake zote.

"Nisamehe, macho haya si yale tena," akasema. "Wewe binti nani?"

Hospitali walisema ni ugonjwa wa kusahau, wakampa vidonge. Lakini mama hajasahau kitu. Anawajua majirani wa ghorofa zote na watoto wao, anaikumbuka hata siku aliyozikwa Mwanamwema, mvua ilivyonyesha. Anakumbuka kwamba alimwachisha mtoto ziwa ili amnyonyeshe Zule Mdogo. Humuuliza mwenyewe, "Yule mtoto wangu mwengine alikwenda wapi?" Zule Mdogo hunionyesha mimi, mama hunitazama, kisha hutikisa kichwa na kumtaka asimtanie.

Miezi mitatu sasa. Boti zinaingia kila siku na watalii wao. Mimi nakaa nyumba ileile, na mama hunipakulia kwenye sahani za kabatini, zile za wageni. Hajapata kunikosea adabu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nimejaribu kumkasirisha ili anitukane kama zamani. Huniambia, "Hapana neno, bibi."

Na kila magharibi, maji yakikupwa au yakijaa, sauti hupanda kutoka mferejini mpaka ghorofa ya tano. Haipigi kelele. Inanong'ona, na inafika.

Zuleikha binti Kidawa…

Siku za mwanzo nilifunga madirisha na kusoma mpaka koo likakauka. Siku hizi nayaacha wazi. Katika mji mzima huu hakuna mwengine anayeniita hivyo.

Sijaitika. Mpaka jana nilikuwa hata sijafikiria kuitika, nitaeleza.

Jana Zule Mdogo alirudi kazini amesawijika. Akanivuta jikoni, akafunga mlango. Aliniambia kwamba alipokuwa anafunga kamba gatini alisikia anaitwa kutoka chini ya ngazi, na mama yake aliyetajwa ni Kidawa.

"Sauti yenyewe kama ya mama, dada," alininong'oneza. "Nusura niitike."

"Uliitika?"

"Bado."

Neno hilo lilinichoma. Bado. Maana yake anafikiria. Maana yake wakimwita mara ya pili ataitika, nao watamchukua na jina na kila kitu, na mimi nibaki bila ya hata mnong'ono.

"Usiitike," nikamwambia. "Hilo si jina lako."

Akanikumbatia. Alidhani namlinda. Nimelala nikiwaza labda ni kweli namlinda, na mpaka sasa sijui, wala pengine hakuna haja ya kujua.

Naandika haya roshani, adhana inaadhiniwa. Zule Mdogo yuko zamu. Boti lake la mwisho linafunga saa hizi. Mama kaniuliza kama nshakunywa chai, na mbona naondoka mapema, nisubiri kidogo anikaangie hata mkate. Nimembusu mkono. Akauacha mkononi mwangu kidogo, akaunusa wangu, akasema harufu hii ya asumini anaijua, ila hakumbuki ilikuwa harusi ya nani.

Nimevaa buibui. Huko chini wameanza kuita, na leo wanaita haraka haraka, kama watu waliochoka kungoja. Wasije wakamgeukia yule kwa sababu ya kuchelewa kwangu. Binti Kidawa ni mimi.

Naam.

Nnakuja.