Nyuzi Nyeupe Kwenye Mizizi

Kila asubuhi Mzee Kitalu alikagua miche yake kabla ya chai. Viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, alivijaza udongo aliouchekecha mwenyewe, akaupiga dawa ya ukungu. Kikundi chao cha kijiji kilitaka kurudisha msitu kwenye mteremko uliokatwa na kuchomwa, kwa kuwa chemchemi iliyo chini yake ilikuwa inakauka.

Siku moja alimkuta mkewe akichanganya kwenye viriba udongo mweusi alioutoa msitu wa juu, usioguswa. Ulikuwa na nyuzi nyeupe.

"Unaniletea ukungu kitaluni?" alifoka mbele ya watu.

"Miti ya kule inaota humohumo, baba watoto."

Akaumwaga. Watu wakacheka. Tangu hapo mkewe akaitwa Bi Ukungu, na mzee hakuwakataza.

Miche ilipandwa mteremkoni. Mvua zilipokatika, karibu yote ilikauka. Bibi misitu, mtaalamu wa miti wa serikali, alikuja, akang'oa mche mmoja.

"Mzee wangu, mizizi hii ni misafi mno."

"Asante, mwanangu."

"Sikusifu. Nyuzi nyeupe ziko wapi?"

"Ule ugonjwa?"

"Nyuzi hizo ni ukungu, yaani kuvu. Kuna kuvu za ugonjwa, kweli. Lakini nyingine huishi na mizizi. Huiletea maji na chakula kutoka mbali, na mti huzipa sukari. Msitu usioguswa una aina nyingi. Ukikatwa na kuchomwa, nyingi hupotea, na mche unabaki mkiwa."

"Tufanyeje?"

"Ombeni kibali, mchote udongo kidogo chini ya miti ya aina hiyohiyo mnayopanda. Changanyeni kwenye viriba. Msipige dawa ovyo. Mkipanda, funikeni udongo kwa majani."

Uso ulimshuka. Maneno hayo alikwisha kuyasikia nyumbani kwake. Mkewe alisimama nyuma yake na ndoo.

Kibali kilipopatikana, kikundi kikakutana. Mzee alisimama, kofia mkononi.

"Miche niliiua mimi. Mama watoto alikuwa sahihi, nami nikamwaibisha. Mkitaka kucheka, nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka.

"Haya, kaa," mkewe akasema. "Kesho ndoo unabeba wewe."

Akabeba, tena bila kunung'unika.

Wakaotesha miche mipya kwenye udongo huo, wakaipanda mteremkoni. Kiangazi kilichofuata, mingi ilibaki kijani. Mzee alichutama, akaanza kufukua mmoja aone nyuzi. Mkewe akampiga kikofi mkononi.

"Ziache zifanye kazi."

Akarudisha udongo polepole, akaufunika kwa majani.