Soksi za Waitara

Haya yalimpata binamu yangu Godwin, kwetu Nyanungu, na mimi nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi tulivu. Mbuzi alikuwa motoni, wanawake wanasonga ugali, na sisi wanaume, wavivu wakubwa, tumeinamia simu ya Godwin tunacheka.

Godwin hutengeneza magemu. Hilo tulilokuwa tunalicheza alikuwa amelinakili kutoka lile la zamani, la mdomo unaokula vidonge kwenye vichochoro huku mizimu inaufukuza; ukila kidonge kikubwa, mizimu inageuka bluu nawe unaimeza. Lake alilifanya la kwetu. Vichochoro ni njia za boma letu, mlaji ni ndama, vidonge ni punje za mahindi. Na mzimu ni babu yetu Waitara, aliyefariki mwaka ule, anaburuta mguu wake wa kushoto na kukohoa kikohozi chake mwenyewe, kilichorekodiwa akiwa hai. Mageti yote Godwin aliyaziba.

"Mzee asije akatutoroka," alisema.

Ndama akammeza Babu. Tukapiga makofi. Kugeuka, Bibi Waisiko amesimama nyuma yetu.

"Huyo ni mume wangu?" aliuliza.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Godwin aliizima simu akaitia mfukoni.

Siku hiyo mtoto mchanga wa Godwin na mkewe Lilian alikuwa anapewa jina. Kwetu hutajwa majina ya marehemu. Mtoto akinyamaza, mwenye jina amemkubali. Mtoto wao wa kwanza hakukubaliwa na yeyote, na hakumaliza mwezi. Kwa huyu, walikuwa wanamtegemea Babu.

Bibi alimpakata. "Waitara."

Mtoto akalia. Bibi akarudia. Akataja na mengine yote. Kilio tu, mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo simu ikakohoa mfukoni. Simu iliyozimwa.

Mtoto akanyamaza. Akageuza shingo, akautazama mfuko wa baba yake.

"Mura, kijana wangu," Bibi alinong'ona, "yuko huko mlikomfungia. Mfungulie."

Godwin alileta kompyuta yake. Akafungua geti moja. Kwenye kioo, Babu hakumfukuza ndama. Alikuwa bluu. Aliburuta mguu hadi getini. Akatoka. Hakurudi.

"Waitara," Bibi aliita.

Kimya. Mtoto akafumba macho, akalala. Lilian alilia kwa furaha. Mbuzi tulimla, lakini hakuna aliyethubutu kumtazama Bibi usoni.

Jioni, Lilian akimwogesha mtoto, aliona nyayo zake ni za bluu. Alisugua kwa sabuni. Hazikutakata, na hazijatakata hadi leo.

Sasa Waitara mdogo anatembea. Kila Jumapili kanisani huvaa soksi, hata jua likiwaka, na watu wakiuliza, Godwin hujibu, "Baridi tu," huku ameangalia chini. Lilian hununua soksi mpya kila mara sokoni Tarime. Ile ya kushoto ndiyo hutoboka kwanza, upande wa vidole.