Mwaka Mkoba wa Mboni Ulipokosa Kuku

Mboni alikuwa hatulii. Anafagia, anaacha. Anakwenda kisimani, anarudi na ndoo tupu. Hapa Rutamba yeye ndiye mganga wa watu waliovurugika akili, lakini siku hizo hakuitwa na mtu.

"Keti basi, unanizungusha kichwa!" alisema Bakary, mumewe.

"Niketi tule nini? Nauza ngoma zangu za kupungia pepo, nikavunje kokoto za barabara Lindi."

Lo! Mganga mzima akavunje kokoto! Lakini ndivyo mambo yalivyokuwa. Bei ya mkonge ilianguka huko Ulaya. Mashamba ya wazungu yakaachisha watu kazi, wanaume wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Mchana akaja Martina, analia.

"Shikamoo, bibi. Mume wangu Andrea, tangu aachishwe kazi, hali chakula, hasemi. Anazunguka porini tu. Naogopa atajidhuru."

"Marahaba. Umeleta kifungua mkoba?"

Kifungua mkoba ni kuku. Hutolewa kabla mganga hajaanza kazi.

"Sina hata yai, bibi."

"Basi mkoba haufunguki. Ndiyo mila."

Martina akaondoka. Jirani wa Mboni, Stefania, mkunga, alikuwa anatwanga uani kwake, akisikia yote. Akaacha mchi.

"Wewe vipi, shoga! Unalia huna wagonjwa, na mgonjwa unamfukuza?"

"Nifanye bure?"

"Nani kasema bure? Kazi zikikosekana, wanaovurugika huongezeka, na wenye kuku hupungua. Mimi sasa nikizalisha, wananilipa kwa kunilimia. Tena huyo Andrea hana pepo, ana aibu. Ngoma ya nini? Anataka mtu wa kumsikiliza, na kazi ya mikono."

Mboni alikasirika kwelikweli. Alizunguka uani, akinung'unika. Mwisho akatoka mbio kumfuata Martina, hata mkoba hakuchukua.

Siku ya kwanza Andrea alimgeuzia mgongo. Mboni akarudi tena, na tena. Siku moja Andrea akasema, "Bibi, mwanamume asiyeleta kitu nyumbani ni mtu huyo?" Mboni akamwacha aseme yote. Kisha wakaenda kupalilia mihogo ya Mboni pamoja.

Haikuwa kazi ya siku moja. Lakini asubuhi moja Martina alikuja anacheka, machozi yanamtoka.

"Bibi, Andrea leo kanigombeza! Eti mboga haina chumvi!"

Nyuma yake walisimama wanawake wawili, majembe begani.

"Na sisi tuna waume nyumbani," walisema. "Kuku hatuna. Tutalima."

Mboni akatandika mkeka.

"Karibuni, wanangu. Nani aanze kusema?"