Fundi Baridi Asiyejulikana Benki

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuvaa ovaroli, Fundi Baridi alikaa ukingoni mwa kitanda na kutuma pesa kwa simu. Lilikuwa rejesho la vifaa vyake vya kazi. Kidole gumba kilibonyeza namba huku mkono wa pili ukitafuta soksi. Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi kwa sababu alitengeneza friji. Alisomea kazi hiyo chuoni na alikuwa amehitimu karibuni.

Ijumaa hii simu ilitetemeka kabla hajamaliza. Ulikuwa ujumbe wa benki: "Ombi lako la mkopo halikukubaliwa. Sababu: huna historia ya mikopo."

"Mama!" aliita. "Wamenikatalia!"

Mama alichungulia mlangoni, mwiko mkononi. "Nani tena?"

"Benki! Eti sina historia. Kwani nimezaliwa jana?"

Mkopo ule haukuwa wa kujirembea. Mwenye duka kubwa la maziwa alitaka kumpa kazi ya kutunza friji zake zote. Sharti lake lilikuwa moja tu: fundi awe na pampu yake mwenyewe, ile ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi. Pampu ya kuazima hakuitaka. Friji ikizima, maziwa hayangoji mtu amalize kuazima. Alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi.

Fundi Baridi hakunywa chai. Alifika benki wakati mlinzi anafungua mlango. Afisa mikopo alikuwa kijana wa rika lake, tai imembana shingo.

"Karibu dada, keti."

"Sikuja kukaa. Niambie nimekosa nini."

"Hujakosa kitu. Ipo taasisi inayokusanya taarifa za wakopaji. Tumewauliza. Jina lako halina deni baya. Ila halina kitu chochote. Halionyeshi kwamba uliwahi kukopa, wala kwamba uliwahi kulipa. Hatujui tukikukopesha utafanyaje."

"Na mtajuaje, kama kila mlango naambiwa hivyo hivyo?"

Afisa alijikuna shingo. "Mimi mwenyewe nilipotoka chuoni walinikatalia."

"Kumbe unajua inavyouma, na bado unanifanyia!" Watu kwenye foleni waligeuka. Fundi Baridi hakujali. "Halafu ni uongo. Vifaa vyangu nimevichukua kwa awamu. Nalipa tangu niko chuoni na sijachelewa hata siku moja!"

"Vimeandikwa kwa jina la nani?"

"La kaka yangu," alisema Fundi Baridi. Akageuka kuelekea mlangoni.

Nyumbani kwao, tangu baba yao afariki, kila kitu kiliandikwa kwa jina la Kaka. Maji, umeme, hata simu. Fundi Baridi alipoingia chuoni hakuwa na kitambulisho, kwa hiyo Kaka alimsajilia laini kwa jina lake. Kitambulisho kilipotoka, hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Alipotaka vifaa, Kaka ndiye aliyetia saini. "Mambo ya karatasi niachie mimi," alisema. Naye akamwachia. Yeye akabaki na kazi ya kulipa.

Alirudi nyumbani akipumua kama jiko la mafuta. Uani aliipiga ndoo teke, ikaviringika hadi kwa jirani.

"Ndoo imekukosea nini?" aliuliza Mama Hesabu. Huyu jirani alikuwa afisa wa chama cha akiba na mikopo cha mafundi. Jina hilo alipewa na watoto, maana hata karanga aliwagawia kwa kuhesabu.

Fundi Baridi alimweleza yote. Mama Hesabu alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Kila rejesho ulilolipa limeandikwa, mwanangu. Lakini limeandikwa kwa kaka yako. Anayeonekana mlipaji mwaminifu ni yeye. Ulishangaa kwamba alipewa upesi mkopo wa yale makochi mapya ya sebuleni kwenu?"

"Yale makochi? Kwa jasho langu?"

"Kwa uaminifu wako. Pesa ya makochi analipa mwenyewe, tusimwonee."

"Mimi namwonea sana tu!"

Mama Hesabu alicheka kidogo, akairudisha ndoo. "Hasira unayo haki nayo. Ila usiimalizie kwenye ndoo. Kesho nenda ukasajili laini kwa jina lako. Fungua akaunti, na pesa ya kila friji unayotengeneza ipite humo, ionekane. Kisha njoo chamani, anza kuweka akiba."

"Akiba itaninunulia pampu mwezi huu?"

"Haitakununulia. Sikudanganyi. Baadaye utaomba mkopo mdogo, ule unaoumudu hata mwezi ukiwa mbaya. Uulipe kwa wakati. Chama chetu hupeleka taarifa za wanaolipa. Si wakopeshaji wote wanaopeleka, kwa hiyo uliza kwanza. Na ile mikopo ya simu ya chap chap usiikimbilie. Ukichelewesha moja, jina lako linaanza kwa doa. Mara kwa mara omba ripoti yako mwenyewe kwa ile taasisi ya taarifa za wakopaji uisome, maana hata wao hukosea."

"Kumbe ni safari."

"Ni safari. Na ni kweli, haikutendei haki wewe uliyelipa siku zote. Lakini ukiendelea kulipa kwa jina la mwingine, utaianza kila mwaka upya."

Jioni, Kaka alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. Alimsikiliza Fundi Baridi, kisha akapunga mkono.

"Sasa tatizo liko wapi? Kesho nakuchukulia pampu kwa jina langu. Utalipa kama kawaida. Kazi ya maziwa unayo."

"Mshukuru kaka yako," alisema Mama.

Fundi Baridi alimtazama Kaka. Alifikiria friji zile zote. Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Asante, Kaka," alisema. "Sitaki."

"Hutaki?" Kaka alicheka. "Haya, msomi! Vyeti vimempanda kichwani."

Fundi Baridi alitoka nje.

Kesho yake alimwambia ukweli mwenye maziwa, akamwomba ampe japo friji chache atakazozitunza kwa pampu ya kukodi. Mzee alinung'unika, akampa mbili mbovu kuliko zote. Nyingine alimpa fundi mwingine. Kila Fundi Baridi alipopita na kuona gari la fundi yule mlangoni, aliuma meno.

Lakini laini ilikuwa yake. Akaunti ilikuwa yake. Alijiunga na chama, akaweka akiba hata wiki ambazo kazi ilikuwa haba. Mkopo wake wa kwanza ulikuwa wa geji tu, ya kupimia mgandamizo wa gesi. Aliumaliza kabla ya tarehe. Alipoomba ripoti yake, aliona jina lake na mkopo mmoja uliolipwa wote. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa.

Mafundi wawili wa chama walikubali kumdhamini. Akapewa mkopo wa pampu. Mkataba wa yule fundi mwingine ulipoisha, mwenye maziwa alipiga simu mwenyewe.

"Bado uko? Njoo uzichukue zote. Zile mbovu zako ndizo haziniletei shida."

Siku pampu ilipoletwa, Mama alipika chai ya wote, Mama Hesabu naye akaalikwa. Kaka alibeba boksi hadi sebuleni, akalipigapiga.

"Mama Hesabu, unamwona huyu?" alisema kwa furaha. "Nimemfikisha mimi. Jina langu ndilo lililomlea."

Siku zote, neno kama hilo likisemwa, Fundi Baridi alitabasamu na kuinamisha macho. Mama alikuwa tayari anatabasamu kwa niaba yake.

"Hapana, Kaka," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Akaikaza.

"Sikuwa na kitambulisho ukanisaidia. Kwa hilo nakushukuru. Lakini vile vifaa nilivilipa mimi, hadi senti ya mwisho. Wageni wanakusifu kwamba unanilea, wewe unapokea, na mimi natabasamu. Watu wanadhani niliikasirikia benki. Nilikukasirikia wewe. Sitaki unirudishie kitu. Nilitaka useme mara moja tu, mbele ya Mama, kwamba aliyelipa ni mimi."